Somo: Leseni ya vileo kwa mgahawa hapa Mtwara, na suala la majirani

Kila msimu wa korosho ukikaribia inbox yangu inajaa swali hilihili. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Leseni ya biashara uliyotundika ukutani haikuruhusu kuuza hata bia moja. Vileo vina sheria yake ya mwaka 1968, na leseni yake ni ya miezi sita: Aprili hadi Septemba, halafu Oktoba hadi Machi. Ukianza Januari, Machi inakukuta palepale, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kulipa.

Makaratasi: TIN, uthibitisho wa kodi wa TRA, mkataba wa pango, usajili wa jina BRELA kama unatumia jina la biashara, vyeti vya afya vya wapishi na wahudumu.

Chagua aina. Ipo ya baa, ya duka la chupa za kubeba, ya jumla, ya hoteli, na ya mgahawa ambapo kinywaji kinaandamana na chakula. Ukiomba ya baa kwa tamaa, utapingwa kama baa.

Fomu inapita kwa watendaji, afya na polisi. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu.

Sasa majirani, na hapa ndipo wengi wanaangukia pua. Nenda kwao KABLA fomu haijafika kata. Nilihudhuria kikao cha mtaa ambapo mwombaji alikuja na hotuba ndefu ya ajira kwa vijana, huku spika zake mbili zimeshapangwa barazani, zimetazama dirisha la madrasa. Mzee mmoja akamsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Choo chako kiko wapi?" Hakikuwepo. Wateja wangekojoa kwenye ukuta wa mzee, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Kikao kikaishia hapo.

Watu wa huku wengi ni Waislamu, wengine hawataki pombe kabisa, na hao usibishane nao dini. Waliobaki wanaogopa kelele, mikojo, bodaboda kuziba njia na watoto kutumwa bia. Basi andika ahadi zinazopimika: choo ndani, spika ndani, muziki unazimwa saa ngapi, taa uani, nani anawapanga bodaboda, chini ya miaka 18 hauziwi. Tia sahihi nakala mbili, moja iache kwa mwenyekiti wa mtaa. Usiahidi usichoweza. Kanuni za kelele za mwaka 2015 zipo, na jirani aliyedanganywa atazitafuta.

MASWALI

Kijana wa Ligula: Mkuu naomba utaratibu wa leseni ya vileo.
Jibu: Panda juu, soma.

Bosi Mtarajiwa: Maneno mengi. Mwenyekiti si unampoza tu, anagonga muhuri?
Jibu: Hiyo ni rushwa, na muhuri haumzuii jirani kuandika pingamizi. Usiniletee hayo hapa.

Mama Pweza: Shikamoo kaka. Niko Mikindani, msikiti uko mtaa wa nyuma. Nianzie wapi?
Jibu: Marahaba mama, swali zuri. Anza na imamu, ukiwa peke yako, bila fomu mkononi. Muulize saa zipi zinawakera zaidi. Kaunta igeuze isitazame njia ya waendao kuswali, kreti tupu zikae ndani. Ramadhani usingoje kuambiwa: tangaza mapema kwamba muziki hakuna. Akikataa, mshukuru na uondoke kwa heshima, kwa sababu kesho utakutana naye sokoni.

Mama Pweza: Na mume wangu anataka tuuze uraka, wageni wanaulizia.
Jibu: Uraka ni pombe ya kienyeji, ulizia leseni yake peke yake halmashauri, usiuchanganye na bia. Nipa, yaani gongo ya huku, usiiguse. Ile imekenekwa, na kukeneka bila kibali ni kosa.

Mkorosho: Nyongeza: uraka wa asubuhi si wa jioni, unaendelea kuchacha kwenye dumu. Usifunge kifuniko kikakaza, utapasukiwa.

Kijana wa Ligula: Nimesoma. Samahani mkuu. Sasa leseni ikiisha Machi naanza upya na majirani?
Jibu: Hapo sasa umeuliza. Unahuisha, na malalamiko ya miezi sita yanakungoja mezani. Weka daftari kaunta: nani kalalamika, lini, ukafanya nini.

Mkorosho: Mama Pweza, ming'oko unapika siku gani?