Jinsi ya kujenga kipya bila kuharibu mtaa: tuwaige watu wa milima ya Alps, ila tusiige sura

Kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya nyumba, fundi nataka kama hii, na siku hizi nyingi ni za Uswisi na Austria, mbao nje mbao ndani, kioo kikubwa na mlima nyuma yake. Mie sizikatai, ni nyumba nzuri mno na nimekaa miaka nazifuatilia, kwa sababu nnaona wale watu wa milimani walikutwa na tatizo letu letu: vijiji vya zamani, vijana wanahama, watalii wanaingia, pesa inataka kujenga haraka haraka. Lakini ukiichukua ile picha ukaipandisha huku kwetu Zanzibar, Bububu au Chake, kama ilivyo, umekosa. Chukua namna walivofanya kazi, sura iache huko huko kwenye theluji yao.

Maana walichofanya wenzetu ni hivi, sura ya nyumba waliibadilisha bila woga ila vitu vya kujengea na mafundi wakabaki wale wale wa kijijini. Sie tumegeuza. Tunaigiza sura ya zamani, tao la zege, mlango wa nakshi wa mashine, vioo vya rangi rangi, halafu kila kilichomo ndani kimeshuka bandarini kwenye kontena na fundi anaejua chokaa yupo barazani hana kazi. Ukitaka kurudi upande wa sawa fanya kama ntakavokueleza.

Anza kwa kutembea. Kabla ya mchora ramani, kabla hujalipia tofali hata moja, pita mtaani kwako asubuhi na jioni uandike nini kinapatikana hapo bila kupanda boti, nani anajua kukifanyia kazi, na majengo ya hapo yana tabia gani, yaani kivuli kinaangukia wapi saa tisa, baraza inakaa upande gani, maji ya mvua yanakimbilia kwa nani. Huko jimbo la Graubünden nchini Uswisi kuna kijiji kinaitwa Vrin, na msanifu wake ni Gion Caminada, mzaliwa wa hapo hapo, alianza na useremala ndo akaja kwenye usanifu. Kijiji kilikuwa kinaishiwa na watu. Yeye akajenga mabanda ya ng'ombe, machinjio, ukumbi wa watu wote, nyumba za familia, nyingi kwa magogo yaliolazwa moja juu ya jengine na kushikana kwenye pembe kama ukili unavosukwa, ndo ujenzi wa mababu zao, mbao za kwao na maseremala wa kwao na pesa inazunguka humo humo. Mwaka 1998 Vrin ikapewa zawadi ya Wakker, ambayo huko Uswisi hupewa mahali panapotunza na kuendeleza majengo yake vizuri. Machinjio jamani! Hakukimbilia hoteli.

Kuna jengo lake moja mie linanigusa sana, nyumba ya msiba, inaitwa Stiva da morts, tuseme sebule ya wafu, ilikamilika 2002. Zamani maiti alikuwa akilazwa nyumbani kwake na watu wanakuja kukaa na wafiwa, sasa nyumba zikawa hazitoshi, akajenga chumba cha kijiji kizima karibu na kanisa, kwa magogo yale yale lakini nje yamepakwa rangi nyeupe ili yapatane na kanisa. Hakuna tao wala nakshi, ni jengo jipya kabisa, na bado ukilitazama unajua hili ni la Vrin. Sie tunaojua matanga yanavojaza watu mpaka njiani tunaelewa hichi kitu vizuri kuliko hata hao Wazungu wanaoenda kulipiga picha.

Ukishamaliza kutembea, kipimo cha chumba kitoe kwenye kitu utakachojengea. Vyumba vya Mji Mkongwe wa Unguja ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 2.5 mpaka 3 hivi, mtu hakuamua tu. Vrin ni hivo hivo, mti ulivo mrefu ndo chumba kilivo. Kwa hiyo ukisema unajengea mvinje, nenda kaupime mvinje wenyewe pale unapouzwa, urefu na unene, ndo urudi uchore. Mikoko iache, ukataji wake unataka kibali na pwani zetu zinaihitaji ile miti kuliko dari yako. Mchora ramani akikupa ukumbi wa mita 6 hauna nguzo muulize utavukwa na nini na hicho kitu kinatoka wapi, hapo hapo utaijua bei kabla hujazama.

Sasa mawe. Kama ukisoma jengo moja tu la Alps basi liwe la kijiji cha Vals, bafu za maji moto za msanifu Peter Zumthor wa Uswisi zilizofunguliwa 1996, hizo hizo zilizotambulisha jina lake duniani, baadae 2009 akapata zawadi ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu duniani. Maji yanatoka mlimani yana joto la digrii 30 hivi, na mawe yametoka kwenye bonde hilo hilo, vipande kama 60,000. Watu wanasifu giza na mwanga wa mle ndani, sawa, lakini mie nakuomba uangalie kuta kama fundi. Mawe yalikatwa kwa unene wa aina tatu tu, milimita 31, 47 na 63, na ukiyapanga matatu hayo pamoja na udongo wake wa kati, kwa mpango wowote ule, unapata sentimita 15 kila mara. Yaani fundi anabadilisha mpangilio anavotaka, ukuta hauna mstari unaojirudia, na ngazi na milango yote inakaa kwenye hesabu. Hiyo ndo akili ninayotaka uibebe. Ukiagiza mawe au tofali za udongo usiagize saizi nane, chagua mbili au tatu zinazojumlika, kisha madirisha na vipandio vyote vifuate jumla hiyo, utaona takataka za kukata zinavopungua na saiti inavokuwa safi.

Na usidhani Zumthor aliikimbia saruji, nyuma ya yale mawe kuna zege limeshikana nayo na yanabeba pamoja. Saruji sio haramu. Tatizo ni kuiweka pasipo pake, na pasipo pake kwetu ni juu ya ukuta wa mawe na chokaa. Hili nimeliona nyumbani kwetu, nyumba ya marehemu bibi yangu Mkunazini, familia ilichangishana akaletwa fundi akaipiga plasta ya saruji nje na ndani ikawa inang'aa kama sahani, bi mkubwa akafurahi mno. Masika mawili tu. Ikaanza kuvimba, chumvi nyeupe ikatoka, ikadondoka mapande mapande na ikaondoka na chokaa ya zamani iliokaa miaka na miaka bila kumsumbua mtu. Sababu yake ni nyepesi, ukuta wa mawe yetu unanyonya unyevu kutoka chini pamoja na chumvi, na chokaa inauacha ule unyevu upumue utoke, saruji inaufungia ndani, nao unatafuta njia.

Kwa hiyo kama una nyumba ya mawe fanya hivi. Bandua plasta yote ya saruji taratibu kwa patasi, usipige nyundo kubwa, kisha uache ukuta ukauke, na hapa ndo watu wanakosa subira, wiki kadhaa sio siku mbili. Huku nyuma chokaa yako iwe shimoni. Maji yatangulie, ndo utie chokaa iliotoka tanuuni kidogo kidogo, usigeuze ukamwagia maji juu yake kwa sababu inachemka na kuruka, funika macho, watoto wasisogee hapo kabisa. Ifunikwe ikae, mwezi si mwingi, ikizidi kukaa inazidi kuwa laini. Ukichanganya tia chokaa sehemu 1 mchanga sehemu 3, na mchanga usiwe wa ufukweni maana utakuwa umeirudisha chumvi kwa mkono wako (mchanga wenyewe Unguja siku hizi shida, ulizia mapema unauzwa kwa utaratibu gani). Lowesha ukuta, piga safu nyembamba kama sentimita moja, iache ishike, ndo safu ya pili. Jua na upepo visiipige, tundika magunia mabichi nje. Chokaa inakuwa ngumu kwa kuvuta hewa polepole na ikikaushwa kwa haraka inakuwa unga tu. Na kama nyumba iko ndani ya Mji Mkongwe, ambao uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, kibali cha mamlaka ya uhifadhi kitangulie kabla ya patasi.

Kiwanja nacho kina maneno yake. Kijiji cha Sumvitg huko huko Graubünden kilikuwa na kikanisa, mwaka 1984 poromoko la theluji likakivunja. Zumthor alipojenga kipya, kikamilika 1988, hakikurudishwa pale pale, kilisogezwa mahali salama zaidi, kikajengwa cha mbao chenye umbo kama la jani, kimevikwa vigae vya mbao ambavyo upande wa jua vimekuwa vyeusi na upande wa pili rangi ya fedha, na hakuna alievipaka kitu. Sie hatuna theluji ila tuna mabonde ambayo kila masika watu wanabeba magodoro kichwani. Pemba ndo usiseme, vilima na mabonde tupu. Kiwanja cha bei rahisi bondeni kinunulie migomba.

Na ikiwa mnajenga kitu cha watu wote, msikiti, madrasa, banda la skuli, hapo nataka mjue habari ya Altach. Ni kijiji cha jimbo la Vorarlberg, Austria, na Waislamu wa huko walikuwa maiti zao nyingi wanazisafirisha kwenda kuzika nchi walizotoka wazee wao, mpaka 2012 yalipofunguliwa makaburi ya Kiislamu yaliochorwa na Bernardo Bader. Kuta za zege jekundu kidogo, viwanja vitano vya makaburi vimeelekea kibla, na chumba cha kusalia kina pazia la waya lenye vipande vya mbao kama vigae vya nyumba za huko, kazi ya msanii Azra Akšamija, na vipande hivo vimeandika Allah na Muhammad. Hakuna kuba ya plastiki wala mnara wa maonesho. Mwaka 2013 ikapata tuzo ya usanifu ya Aga Khan. Nimeiangalia picha ya lile pazia mara nyingi na kila mara nahisi kitu, kigae cha seremala wa milimani kimebeba jina la Mola na vyote viwili vimekaa kwa heshima. Basi mkitaka kujenga waiteni wanaotumia na mafundi wa hapo wakae mkeka mmoja kabla ya ramani, waulizwe wanafanya nini pale na wanajua kufanya nini kwa mikono.

Hata kituo cha gari kinatosha kuanzia. Krumbach, kijiji cha watu kama elfu moja huko huko Vorarlberg, mwaka 2014 walijenga vituo saba vya basi, wasanifu saba kutoka nchi mbali mbali, akiwemo Wang Shu wa China na Sou Fujimoto wa Japani, hawakulipwa pesa, walipewa mapumziko ya hapo kijijini, na mafundi wa eneo hilo ndo wakajenga. Sie abiria wa daladala tunasimama juani chini ya nguzo ya umeme. Nguzo nne za mvinje, kiti cha mawe kama baraza, paa la makuti au vigae, kamati ya shehia inaweza.

Kuhusu ratiba, chokaa itie shimoni masika yakianza, Machi, mvua zikikatika mwishoni mwa Mei bandua, plasta piga kipupwe wakati jua halijawa kali. Hapa Wete shimo letu lina wiki ya tano, kuna vijana watatu wanajifunza kwa mzee mmoja aliekuwa hajashika mwiko miaka mingi, na anaetaka kuja kuona aje asubuhi kabla ya saa nne, mchana tunaufunika ukuta.