Kuhamisha barua pepe ya ofisi kutoka Exchange 2016 hadi Exchange SE

Microsoft iliacha kuzihudumia Exchange 2016 na 2019, programu zake za seva ya barua pepe, tarehe 14 Oktoba 2025. Anayetaka seva ya barua ibaki mikononi mwake sasa ana Exchange Server Subscription Edition, kwa kifupi Exchange SE, iliyotoka Julai 2025. Mwenye 2019 iliyofikia CU14 au CU15 (CU ni sasisho jumuishi, Cumulative Update) kazi yake ni nyepesi: anasakinisha SE juu ya seva ileile, kama anavyoweka sasisho la kawaida. Mwenye 2016 hana njia hiyo. Lazima asimamishe seva mpya kando ya ile ya zamani, ahamishe kila kitu, kisha aiondoe ya zamani. Mwongozo huu ni wake.

Kuhamisha masanduku ya barua ndiyo sehemu rahisi. Yanayoiangusha kazi hii ni seva mpya kujitangaza kabla haijawa tayari, diski kujaa logi (faili za kumbukumbu ambazo Exchange huandika) usiku wa kuhama, na mashine zilizosahaulika ambazo kwa miaka zimekuwa zikituma barua kupitia seva ya zamani. Humo ndimo tutakapokaa zaidi. Katika mifano, seva ya zamani ni MAIL01, mpya ni MAIL02, na jina wanalotumia watumiaji ni mail.mfano.org.

Mwezi mmoja kabla: nani anatuma barua kupitia seva hii?

Anza hapa, hata kabla seva mpya haijapatikana. Printa, skana, mfumo wa uhasibu, king'ora cha chumba cha seva, vyote hutuma barua kwa SMTP, itifaki ya kutumia barua, na mara nyingi hakuna aliyeviorodhesha. Washa logi za itifaki kwenye MAIL01:

```
Get-ReceiveConnector -Server MAIL01 | Set-ReceiveConnector -ProtocolLoggingLevel Verbose
Set-FrontendTransportService MAIL01 -ReceiveProtocolLogMaxDirectorySize 2GB
```

Usiruke mstari wa pili. Exchange hutunza logi hizi siku 30, lakini kikomo cha folda ni MB 250. Folda ikijaa, faili za zamani zinafutwa bila kusubiri siku hizo zitimie. Ziache zikusanyike mwezi mzima, maana mfumo wa mishahara huenda ukatuma barua mara moja tu, mwisho wa mwezi. Kisha fungua folda `TransportRoles\Logs\FrontEnd\ProtocolLog\SmtpReceive` na uchambue safu ya `remote-endpoint`. Kila IP isiyo ya seva ya Exchange wala ya kichujio chako cha barua taka, tafuta ni ya nini, andika kifaa na mwenye kukitunza. Ukikuta kifaa kimeandikiwa IP ya MAIL01 badala ya jina, kibadilishe sasa kitumie jina. Siku ya kuhama utakuwa umebakiwa na DNS tu ya kugeuza, yaani orodha inayounganisha majina na IP.

Hali ya seva ya zamani na Active Directory

MAIL01 lazima iwe na CU23 pamoja na masasisho ya usalama yaliyofuata; chini ya hapo seva mbili hazitakaa pamoja. Endesha skripti ya Microsoft iitwayo `HealthChecker.ps1` na utengeneze kila inachokionyesha kwa rangi nyekundu. Kisha pima urudufishaji wa Active Directory (saraka ya akaunti na kompyuta za ofisi) kati ya seva za domeni, yaani zinazoitunza saraka hiyo, kwa `repadmin /showrepl`. Ukiona kosa hata moja, simama hapo. Kubadilisha skima (muundo wa Active Directory) wakati seva za domeni hazisikilizani ni kujitafutia tatizo litakaloishi kuliko mradi wenyewe.

Seva mpya iwe na Windows Server 2022 au 2025. Kwa upande wa kumbukumbu ya mashine (RAM), Microsoft inapendekeza GB 128 kwenda juu. Ofisi ndogo nyingi huweka pungufu na barua zikaenda, ila usiichukulie GB 16 kuwa inatosha kwa sababu 2016 ilitosheka nazo. Faili ya ukurasa iwe asilimia 25 ya kumbukumbu iliyopo. Diski za hifadhidata ziandaliwe kwa ReFS, vipande vya KB 64, na kinga ya uadilifu ikiwa imezimwa. Programu yenyewe ikae kwenye NTFS. Tangu 2019 faharasa ya utafutaji hukaa ndani ya hifadhidata, kwa hiyo usipange diski kwa ukubwa wa masanduku peke yake.

Tayarisha Active Directory kwa akaunti iliyo ndani ya Schema Admins na Enterprise Admins:

```
Setup.exe /PrepareSchema /IAcceptExchangeServerLicenseTerms_DiagnosticDataOFF
Setup.exe /PrepareAD /IAcceptExchangeServerLicenseTerms_DiagnosticDataOFF
```

Acha urudufishaji ukamilike kila kona kabla ya kusakinisha. Hatua ya skima haina kurudi nyuma, hivyo bakapu ya seva za domeni iwe imechukuliwa na kujaribiwa, siyo imechukuliwa tu.

Seva mpya inajitangaza yenyewe

Usakinishaji ukiwa bado unaendelea, Exchange huandika kwenye Active Directory anwani ya Autodiscover (huduma inayoielekeza Outlook kwenye seva yake) ya seva mpya, ikitumia jina lake la ndani. Outlook zilizo kwenye domeni huisoma anwani hiyo, zinaifuata MAIL02, na zinakutana na cheti ambacho seva imejitengenezea. Mtumiaji anaona onyo la usalama kwenye skrini katikati ya kazi, na simu zinaanza kupigwa kabla hujahamisha sanduku hata moja. Watu wengi hudhani wamekosea kusakinisha. Hawajakosea, wamechelewa tu kurekebisha anwani.

Kwa hiyo sakinisha baada ya saa za kazi, na usisubiri usakinishaji uishe. Fungua Exchange Management Shell kwenye MAIL01 na urudie amri hii kila dakika moja hadi ikubali:

```
Set-ClientAccessService MAIL02 -AutoDiscoverServiceInternalUri https://autodiscover.mfano.org/Autodiscover/Autodiscover.xml
```

Mwanzoni itakataa kwa sababu seva haijaonekana bado. Ikikubali, hakikisha kwa `Get-ClientAccessService | fl Name,AutoDiscoverServiceInternalUri` kwamba seva zote mbili zinataja anwani moja.

Usakinishaji ukiisha, leta cheti. Kitoe MAIL01 kikiwa na ufunguo wake wa siri katika faili ya PFX, kiingize MAIL02, kisha kiwashe:

```
Enable-ExchangeCertificate -Server MAIL02 -Thumbprint <alama> -Services IIS,SMTP
```

Weka anwani za saraka pepe zote (milango ya wavuti ya huduma za Exchange), ya ndani na ya nje: OWA, ECP, EWS, OAB, ActiveSync, MAPI, pamoja na Outlook Anywhere. Ukisahau EWS, barua zitafika vizuri lakini kalenda za wenzako hazitaonyesha nani ana nafasi, na utatafuta kosa mahali pasipo.

Jambo jingine la kuangalia ni Extended Protection, kinga dhidi ya wanaojipenyeza katikati ya mawasiliano, ambayo SE huiwasha yenyewe. Haiwezi kufanya kazi na kifaa kinachofungua usimbaji wa TLS njiani na kupeleka mawasiliano kwa seva bila TLS. Kama kifaa kinafungua kisha kinafunga tena, kitumie cheti kilekile kilicho kwenye Exchange. Dalili ya kosa hapa ni Outlook kuuliza nywila tena na tena ingawa nywila ni sahihi. Dalili hiyohiyo hutokea kama mipangilio ya TLS haifanani kati ya MAIL01 na MAIL02.

Kugeuza jina

Exchange 2016 na SE hupokezana maombi kwa pande zote mbili: mtumiaji ambaye sanduku lake liko MAIL01 anaweza kuingilia MAIL02, na kinyume chake. Kwa hiyo geuza jina kabla ya kuhamisha masanduku. Siku mbili kabla, punguza TTL (muda ambao kompyuta hukumbuka jibu) ya rekodi za DNS hadi sekunde 300. Kisha jaribu kwenye kompyuta moja tu: katika faili ya `hosts` andika IP ya MAIL02 mbele ya mail.mfano.org na autodiscover.mfano.org, fungua Outlook, tuma, pokea, fungua kalenda ya mwenzako, ingia kwa kivinjari. Yote yakikubali, futa mistari hiyo na ugeuze DNS ya wote pamoja na kanuni za faiawoli.

Ongeza MAIL02 kwenye konekta ya kutuma (mpangilio wa njia ambayo barua hutokea) kwa `-SourceTransportServers MAIL01,MAIL02`. Kama itatoka nje kwa IP tofauti, rekodi ya SPF (inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako) na ya PTR (inayotaja jina la IP) zibadilishwe kabla, la sivyo barua za ofisi zitaanza kuangukia kwenye taka.

Konekta za kupokea hazihami. Ile ya vifaa unaiunda upya:

```
New-ReceiveConnector -Name "Vifaa" -Server MAIL02 -TransportRole FrontendTransport -Custom -Bindings 0.0.0.0:25 -RemoteIPRanges 10.20.5.11,10.20.5.12
Set-ReceiveConnector "MAIL02\Vifaa" -PermissionGroups AnonymousUsers
Get-ReceiveConnector "MAIL02\Vifaa" | Add-ADPermission -User "NT AUTHORITY\ANONYMOUS LOGON" -ExtendedRights "Ms-Exch-SMTP-Accept-Any-Recipient"
```

Neno `FrontendTransport` ni la lazima. Ukiweka HubTransport kwenye poti 25, huduma mbili zitagombea poti moja. Leo barua zitaingia, kesho baada ya kuwasha seva upya hazitaingia. Na kwenye IP, taja vifaa kimoja kimoja. Anayeweka mtandao mzima anampa kila kirusi cha kwenye kompyuta ya ofisi ruhusa ya kutuma taka kwa jina la shirika.

Skana za zamani zinazojua TLS 1.0 tu zitakataliwa na seva mpya. Zima TLS kwenye skana yenyewe kama inatuma ndani ya mtandao wa ofisi pekee, au panga kuibadilisha. Usiirudishe TLS 1.0 kwenye seva kwa ajili yake.

Masanduku na logi

Anza na masanduku ya mfumo, ukiyapeleka DB21, hifadhidata iliyo MAIL02:

```
Get-Mailbox -Arbitration | New-MoveRequest -TargetDatabase DB21
Get-Mailbox -AuditLog | New-MoveRequest -TargetDatabase DB21
```

Kisha hamisha wawili watatu wa idara ya kompyuta, uwaache siku mbili wafanye kazi. Wengine waende kwa makundi:

```
New-MoveRequest -Identity jina@mfano.org -TargetDatabase DB21 -BatchName Kundi01 -SuspendWhenReadyToComplete
```

Kunakili kunaendelea mtumiaji akiwa kazini, kunasimama karibu na asilimia 95. Jioni unamalizia kwa `Get-MoveRequest -BatchName Kundi01 | Resume-MoveRequest`. Wenye Outlook wazi huenda wakaombwa kuifunga na kuifungua tena, waambie mapema.

Sasa diski. Kila kinachoingia DB21 huandikwa pia kwenye logi, faili za MB 1 kila moja. Ukihamisha GB 400 tarajia logi za GB 400 hivi, yaani faili kama laki nne. Diski ya logi ikijaa, hifadhidata inajishusha, na waliokwisha kuhama wanakosa barua. Logi haziondoki kwa kuzeeka. Huondolewa na bakapu kamili inayoielewa Exchange, kwa hiyo pima kundi la usiku mmoja lisizidi nafasi ya diski ya logi, na bakapu ifuate kila kundi. Njia nyingine ni kuwasha `CircularLoggingEnabled` kwenye DB21, kuishusha na kuipandisha. Ukichagua hiyo, ujue kwamba ikiharibika katikati utarudi kwenye bakapu ya mwisho na si zaidi. Masanduku yakiisha, izime na uchukue bakapu kamili usiku huohuo.

Uhamisho ukikwama, soma `Get-MoveRequestStatistics` kwenye `StatusDetail`. `StalledDueToTarget_DiskLatency` inamaanisha diski ya upande wa pili imezidiwa. Punguza idadi ya masanduku yanayokwenda kwa pamoja. Ukishindwa kwa barua zilizoharibika, ongeza `-BadItemLimit 10` na usome ripoti kuona ni zipi. Ukivuka 50, Exchange itadai `-AcceptLargeDataLoss`. Hapo usikubali kabla ya kuzungumza na mwenye sanduku.

Usishangae faili ya hifadhidata ya zamani isiponywea. Masanduku yaliyohama hubaki humo siku 30 kabla ya kufutwa, na hata yakifutwa faili haipungui.

Kuiondoa MAIL01

Itoe kwenye konekta ya kutuma, tazama `Get-Queue` hadi foleni iwe tupu, na usome logi za SMTP kuona kama kuna kifaa bado kinaigongea. Kisha simamisha huduma zake za Exchange kwa wiki moja, seva ikiwa bado ipo. Anayelalamika wiki hiyo ndiye uliyemsahau.

Hakikisha hakuna kilichobaki, ukiuliza kwa `Get-Mailbox` mara tano: bila nyongeza, kisha kwa `-Archive`, `-PublicFolder`, `-Arbitration` na `-AuditLog`. Washa huduma tena, ondoa hifadhidata, kisha sakinua Exchange kupitia Control Panel. Usiifute mashine tu. Jina lake litabaki Active Directory, na seva mpya zitaendelea kuihesabu kama mwenzao aliye hai.