Mimba ya Miezi Minne Hadi Sita: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoka na Kusafiri, Kigoma na Tabora

Kichefuchefu kimepungua, usingizi umerudi, na tumbo bado halijawa zito kiasi cha kukuzuia kuinama. Kuanzia wiki ya 14 hivi hadi ya 27, wajawazito wengi hupata nguvu ambazo hawakuwa nazo mwanzoni, na mwishoni watazikosa tena. Kama kuna safari ya kwenda kwa wazazi Kasulu, harusi ya ndugu Ujiji, au shughuli iliyobaki Tabora mjini, huu ndio wakati wake.

Watu wa nyumbani mara nyingi huogopa mtikisiko. Mama mkwe atasema barabara ile itaimwaga mimba. Anasema kwa upendo, lakini mimba yenye afya haitoki kwa sababu ya mashimo ya barabarani. Mtoto anaelea kwenye chupa ya maji ndani ya mfuko wa uzazi wenye misuli minene. Kinachodhuru safarini ni ajali, malaria, kiu, mkojo uliobanwa saa nyingi, na dalili ya hatari kukukuta mahali ambapo hakuna wa kukusaidia. Haya yote yanapangiwa kabla hujafunga begi.

Wapo wasiopaswa kuondoka bila kumuuliza mkunga au daktari kwanza: aliyetokwa na damu katika mimba hii, mwenye presha ya juu, mwenye mapacha, aliyeambiwa kondo la nyuma limekaa chini, aliyepungukiwa damu sana, na aliyewahi kujifungua kabla ya wakati. Kwa hawa, safari ya saa mbili na ya siku mbili zote zinahitaji ruhusa.

Kwa wengine wote, anzia kliniki. Nenda ndani ya wiki moja kabla ya safari, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi kama utakuwa njiani siku hiyo. Omba upimwe presha, mkojo na wingi wa damu. Damu chini ya gramu 10.5 kwa desilita katika miezi hii ni upungufu, na ni afadhali uanze kuutibu ukiwa nyumbani kuliko kuzimia kwenye foleni ya stendi. Angalia pia kama kundi lako la damu limeandikwa kwenye kadi. Kama halijaandikwa, mwambie nesi kwa upole, "Dada, naomba uniandikie na kundi la damu, nasafiri." Anayehitaji kuongezewa damu usiku katika hospitali ngeni anaokoa muda kundi lake likiwa limeshajulikana, ingawa watapima tena.

Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, kwa hiyo vidonge vya SP, vya kukinga malaria kwa wajawazito, si vya kurukwa. Huanza mimba inapoingia miezi mitatu kwenda minne, vitatu kwa mkupuo, unavimeza palepale mbele ya nesi, na unarudia baada ya angalau wiki nne, tena na tena hadi ujifungue. Lengo ni kupata dozi tatu au zaidi. Wanaokosea ni wale wanaosafiri mwezi mzima na kurudi wakiwa wamepitwa, kumbe zahanati yoyote huko waliko ingewapa kwa kuonyesha kadi tu. Usipewe SP kama unatumia septrini kila siku au una mzio wa dawa za salfa, sema mapema. Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: foliki asidi ya miligramu 5 inayouzwa peke yake dukani hupunguza nguvu ya SP. Ile iliyomo kwenye FEFO ya kliniki, vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na foliki asidi, ni miligramu 0.4, haina shida hiyo.

FEFO beba za siku zote za safari na uongeze za siku tano, maana safari zetu hurefuka. Zimeze kwa maji, au kwa chungwa au embe, na uache chai na kahawa kwa saa moja kabla na saa moja baada. Majani ya chai hushika madini ya chuma tumboni yasiingie kwenye damu, kwa hiyo anayemeza FEFO na chai ya asubuhi amemeza nusu ya faida. Kinyesi kikiwa cheusi usishtuke. Kikiwa kigumu, ongeza maji, papai na mboga, usiache vidonge.

Chandarua kiingie kwenye begi hata kama unakokwenda umeambiwa kipo. Mgeni hulazwa sebuleni, na sebuleni mara nyingi hakuna pa kufungia, kwa hiyo weka na kamba ya mita nne na misumari miwili. Mikesha ya msiba na ngoma za harusi ndizo zinazong'atisha watu mbu, kwani unakaa nje hadi usiku wa manane. Vaa soksi na mikono mirefu, na upake dawa ya kufukuza mbu miguuni. Homa ikija, usimeze dawa kwa kubahatisha. Pima kwanza, halafu useme una mimba ya miezi mingapi. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamo. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka la kijijini hukupa bila kuuliza, ziache kabisa, hasa baada ya wiki ya 20, kwa kuwa huweza kuumiza figo za mtoto na kupunguza maji yaliyomzunguka.

Sasa usafiri wenyewe. Kwa anayetoka Kigoma kwenda Tabora, treni ina faida moja kubwa: unaweza kusimama na kutembea. Kata tiketi ya kulala kama fedha inaruhusu, na uombe kitanda cha chini kabisa. Cha juu kinapandwa kwa ngazi, na mwenye tumbo hapaswi kuipanda gizani behewa likiyumba. Ukikosa cha kulala, kaa upande wa njia ya katikati. Choo cha behewa kina sakafu yenye maji na treni hutupa watu ukutani, kwa hiyo vaa viatu vya mpira visivyoteleza, shika bomba kwa mkono mmoja, na nenda mapema kabla hujabanwa. Lala kwa ubavu, wa kushoto ukiweza, khanga iliyokunjwa ikiwa katikati ya magoti. Kulala chali muda mrefu kunaufanya mfuko wa uzazi ukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na ndipo kizunguzungu kinapokuja.

Kila saa moja au mbili simama utembee. Usipopata nafasi, kaa papo hapo uchezeshe nyayo: vidole juu, vidole chini, mara 20, kisha zungusha vifundo. Mimba huifanya damu igande kwa urahisi zaidi, na miguu iliyoning'inia saa kumi ndiyo hushika donge. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye msuli wa nyuma kuliko mwingine, hicho si kichovu cha safari. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Vituoni, kuanzia Uvinza hadi Urambo, utaletewa chakula dirishani. Chagua kile unachokimenya mwenyewe: ndizi, chungwa, yai la kuchemsha ambalo ganda lake halijapasuka. Samaki wa kukaanga mchukue akiwa wa moto. Aliyekaa kwenye sinia tangu asubuhi, mwache. Maji usiyapunguze ili kukwepa choo. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na matokeo yake ni maambukizi ya njia ya mkojo ambayo huweza kuchochea uchungu kabla ya wakati. Lita mbili hadi tatu kwa siku, zilizochemshwa hadi zitoe mapovu makubwa kwa dakika nzima. Weka na paketi mbili za ORS, chumvichumvi ya kunywa ukiharisha. Nyingi ni za lita moja ya maji, lakini soma iliyo mkononi mwako.

Kwenye basi, chagua kiti cha katikati ya gari, mbali na matairi ya nyuma ambako mtikisiko huumiza kiuno, na kiwe cha upande wa njia. Mkanda ukiwepo, ufunge: wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na wa bega upite katikati ya matiti na pembeni ya tumbo. Usiupitishe juu ya tumbo kamwe. Kabla gari halijaondoka mwambie konda, "Kaka, mimi ni mjamzito, kila baada ya saa mbili hivi nitaomba kushuka." Ukisema mapema hatakasirika, na abiria wengine watakusikia na kukutetea.

Bodaboda ni habari nyingine. Kuna vijiji ambavyo bila pikipiki hufiki, na kumwambia mtu asipande kabisa ni kumwambia asiende kliniki. Ila kama bajaji ipo, chukua bajaji. Ikibidi pikipiki, mchague dereva unayemfahamu, vaa kofia ngumu, panda kwa kutanua miguu na si kwa kukaa upande, uwe abiria pekee, na mzigo uende na mwingine. Kukaa upande ndiko kunakoangusha, kwa sababu huna cha kubana tairi likiteleza kwenye tope. Ukianguka na tumbo likagonga chini, hata kama huna kidonda, nenda ukapimwe. Kondo linaweza kuachia ndani bila damu kuonekana nje.

Kwa wanaokwenda vijiji vya ziwani kutoka Kibirizi, uliza hali ya ziwa siku moja kabla. Katika kiangazi, upepo wa kusini huweza kulichafua Ziwa Tanganyika kwa muda mfupi. Usipande boti isiyokuwa na jaketi la kujiokolea linalofunga vizuri juu ya tumbo lako. Lijaribu ukiwa bado nchi kavu. Vijiji vingi havina gati, utashukia majini, kwa hiyo omba watu wawili wakushike mikono. Ukisharudi nchi kavu jifute na ubadilishe nguo. Maji ya kina kifupi yenye majani ndiko konokono wa kichocho wanakoishi, na kuogea au kufulia hapo muda mrefu si kwa mjamzito.

Chakula cha huku kinafaa sana, na haulazimiki kutafuta cha gharama. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao hutoa kalsiamu. Waoshe maji matatu, mchanga usibaki. Mawese mekundu yana kiini cha vitamini A. Kinachosumbua ni udongo wa kula unaouzwa sokoni: huzuia madini ya chuma na huweza kuwa na mayai ya minyoo. Hamu kali ya udongo mara nyingi ni dalili ya damu kupungua, kwa hiyo isiishie kwenye kuona aibu. Mwambie nesi, akupime na akupe na dawa ya minyoo.

Kwa Urambo, Kaliua na Sikonge, safari nyingine ni ya shambani tu. Msimu wa tumbaku, mjamzito asichume majani yenye umande wala kuyafunga kwa mikono mitupu, kwani nikotini hupenya kwenye ngozi ikiwa na maji na kuleta kutapika na kizunguzungu. Asilale chumba kimoja na majani yaliyorundikwa, na kazi ya kuchochea moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, ifanywe na mwingine.

Kabla ya kufunga mlango, mhakikishe wewe na mumeo mnajua hospitali iliyo njiani: Maweni kwa Kigoma, Kitete kwa Tabora, na kituo cha afya kilicho karibu na unakofikia. Damu kutoka ukeni, maji kuchuruzika, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, degedege, kupumua kwa shida, tumbo kuuma kwa kukaza na kuachia, au mtoto aliyekuwa ameshaanza kucheza kutulia ghafla: lolote kati ya haya halisubiri asubuhi. Piga 115, namba ya bure ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito. Atakayepokea atataka kujua ulipo, kwa hiyo mwenyeji wako akuandikie nyuma ya bahasha ya kadi siku ileile unayofika: kijiji, kitongoji, jina la mwenyekiti, na alama inayoonekana kutoka barabarani, kama msikiti, shule au mwembe mkubwa.