Riwaya ya picha haisomwi kwa viputo peke yake
Ukimaliza riwaya ya picha, yaani hadithi ndefu inayosimuliwa kwa michoro, ya kurasa 200 kwa nusu saa, jua umesoma viputo tu, vile viduara vya maneno ya wahusika, picha umezipita. Ukifungua kurasa mbili, zitazame zote kwa sekunde tatu nne kabla ya kusoma neno lolote. Kisha anza na kiputo cha juu kushoto. Katuni za Kijapani zilizobakishwa na mpangilio wake wa asili huanza kulia, na ukikosea hapo jibu litatangulia swali.

Kwenye fremu, yaani kisanduku kimoja cha picha, isiyo na maneno, simama. Mchoraji hakuishiwa maneno! Mara nyingi hapo ndipo mhusika anapoamua jambo, na utaliona mikononi au machoni mwake. Nafasi nyeupe kati ya fremu ikipanuka ghafla, huenda muda umepita.

Unasomea kwenye simu? Igeuze ikae kwa upana, uwashe mwonekano wa kurasa mbili, la sivyo picha iliyotandazwa kurasa mbili hukatwa katikati na uso wa mtu ukagawanyika. Kusoma fremu moja moja kwa kugusa skrini kuache hadi usomaji wa pili, maana kunaficha jinsi ukurasa ulivyopangwa.