Umegongwa na gari? Fanya hivi kabla hujakubali laki mbili za dereva

Kwanza piga picha plate namba, gari kabla halijasogezwa, na alama za breki barabarani. Usiruhusu watu wakwambie "myamalize tu hapa hapa", mguu unaweza ukavimba kesho yake hela ishaisha. Nenda polisi uchukue PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), daktari aijaze, alafu itoe kopi mbili tatu, mi ya kwangu ililowa mvua nikahangaika wiki nzima. Risiti zote tunza, hata ya bajaji ya kwenda kliniki.

Bima: ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS (mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Bima) utaona kama iko hai na ni ya kampuni gani, maana hapa Tanzania bima ya mtu wa tatu ni lazima, na hiyo ndo inayokulipa wewe, sio mfuko wa dereva. Kampuni ya bima ikikuzungusha, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Wakili huna hela? Kuna msaada wa kisheria wa bure, sheria yake ipo tangu 2017, ulizia ustawi wa jamii. Ila usilale, kesi ya kudai fidia ya ajali mwisho miaka 3. Na karatasi ya kampuni ya bima yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" usiisaini kabla hujapona.