Ukiirudia Quake III Arena, anza na saa

Ukiirudia Quake III Arena, mchezo wa kompyuta wa kupigana kwa bunduki wa mwaka 1999, baada ya miaka mingi, usihangaikie shabaha kwanza. Hiyo hurudi yenyewe. Hesabu sekunde. Deraya nyekundu ikiokotwa hutokea tena baada ya sekunde 25, na Mega Health, kifurushi cha afya kinachoweza kukuvusha 100, baada ya 35. Ukiwa wa kwanza kufika hapo kila mara, hata mpinzani mwenye mkono mwepesi kuliko wako atapata tabu sana. Na kwa kuwa afya inayozidi 100 hupungua pointi moja kila sekunde, ukishaichukua Mega Health shambulia papo hapo, usijifiche!

Kwenye kompyuta za sasa ichezee kupitia ioquake3, programu huria iliyotokana na msimbo uliotolewa mwaka 2005. Bado utahitaji faili la pak0.pk3, lenye data za mchezo, kutoka nakala yako halisi.