Teksi ya uwanja wa ndege kwa mgeni wa Dubai

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa, Mbeya, anayekwenda Dubai kufuata mzigo kwa mara ya kwanza amezoea, akishuka uwanja wa ndege wa Songwe, kupatana bei na dereva kabla begi halijaingia kwenye buti. Kule hakuna mapatano, kwa kuwa teksi rasmi hutoza kwa mita, na safari inayoanzia uwanja wa ndege huanza kuhesabiwa kwenye dirhamu 25. Ukishamaliza forodhani, fuata vibao vya teksi hadi kwenye foleni iliyo nje ya jengo, ambako magari ya rangi ya krimu hupatikana usiku na mchana. Yenye paa la waridi huendeshwa na wanawake, kwa ajili ya abiria wanawake na familia. Anayekufuata ukumbini akikunong'oneza habari za usafiri mpite tu, hata kama Kiswahili chake ni kizuri. Jina la hoteli, mtaa na namba ya simu ya mapokezi viandike kwenye karatasi, maana laini ya nyumbani huenda isishike mtandao, na hoteli za Deira, eneo la Dubai, zenye majina yanayokaribiana ni nyingi mno. Omba risiti kabla ya kushuka, kwani namba ya teksi iliyomo ndiyo itakayokusaidia ukisahau mzigo garini.